Kwa mnaoanza kusomea dawa za mimea: anzeni na qinghao

Wadogo zangu, mmea ambao natamani ningefundishwa vizuri tangu mwaka wa kwanza ni artemisia, ile pakanga ambayo Wachina huiita qinghao. Ukiuelewa huo, mingine utaisoma kwa macho tofauti.

Karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika dawa ya homa za vipindi: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Hakusema chemsha. Mtafiti wa dawa Tu Youyou aliyasoma maneno hayo akiwa Beijing, katika mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza 1967. Dondoo zake, yaani dawa alizozitoa kwenye mmea huo, zilikuwa zikimsumbua, mara zitibu panya, mara zishindwe. Akashuku kuwa moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 ikamaliza vimelea vyote vya malaria kwa panya. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015.

Kwa hiyo, ukiambiwa mmea fulani unatibu, uliza umeandaliwaje. Uliza pia ni upi hasa, maana jina qinghao limebeba mimea zaidi ya mmoja, na wenye artemisinini, ile kemikali inayoua vimelea, ya kutosha ni Artemisia annua. Majani huchumwa mmea ukikaribia kutoa maua.

Sasa kipimo cha dawa, na hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Nikiwa mgeni kwenye dirisha la dawa la zahanati, mama mmoja aliniambia anampa mwanawe chai ya artemisia na homa imeshuka. Nikamwambia aendelee. Wiki ya pili akarudi amembeba mgongoni, mtoto anachemka, midomo imekauka, kichwa kimelala begani. Artemisinini huua vimelea haraka, lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache tu. Vimelea vinavyobaki huzaliana upya. Ndiyo maana kwenye dawa mseto ya malaria artemetha, inayotengenezwa kutokana nayo, imeunganishwa na lumefantrini, dawa nyingine inayokaa mwilini kwa siku kadhaa. Chai haina mwenza huyo, wala hujui kikombe kimebeba kiasi gani. Shirika la Afya Duniani haliikubali kwa malaria, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Siku hizi mtu akija na majani yake kwenye mfuko, simdharau. Namsikiliza, napeleka mgonjwa akapimwe, na vimelea vikionekana natoa mseto: kwa mtu mzima vidonge 24, vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Namsisitizia anywe pamoja na chakula chenye mafuta, hata uji wa karanga au maziwa, na amalize vyote hata akijisikia mzima kesho yake.