Malenge kwenye joto: kabla hujauliza dawa

Barua za malenge zimerundikana, na karibu kila moja inaishia kwa "nipulize dawa gani?" Nimechagua chache.

*Bwana shamba, malenge yangu hapa Ahero yana maua tele lakini yanaanguka bila kuzaa. Nipulize nini?*

Usipulize chochote. Ingia shambani saa moja asubuhi ukague ua moja moja. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina tunda dogo mfano wa golori nyuma yake. Madume hutangulia, wakati mwingine kwa wiki nzima au zaidi, na kazi yao ikiisha yanaanguka. Huo si ugonjwa. Joto kali nalo huchelewesha majike, kwa hiyo Januari na Februari utaona madume matupu.

Lakini kama tunda linageuka manjano na kunyauka likiwa sawa na kidole gumba, halikupata chavua, ule unga wa manjano wa ua dume. Nyuki hawakufika. Na nikiwahoji wanaolalamika hivyo, mara nyingi nasikia pampu ilipita asubuhi ileile kwa sababu ya vidukari. Ua la malenge hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri, na likishafunga halifunguki tena. Ukipuliza saa hizo unaua kibarua asiyekudai hata shilingi. Ikikubidi kupuliza, ngoja jua lizame.

Kwa sasa, chavusha kwa mkono. Chuma ua dume lililofunguka leo, bandua petali, kisha paka ule unga wa manjano katikati ya ua jike. Fanya hivyo kabla ya saa tatu. Dume moja linatosha majike mawili.

*Niko Rongai. Majani yanalala saa saba mchana. Niongeze maji?*

Yatazame jioni. Yakisimama yenyewe, mmea ulikuwa unajikinga na jua. Yakiwa yamelala hata asubuhi, hapo una kiu au mizizi imeoza. Na tafadhali acheni kunyunyizia majani kila jioni! Maji yanalowesha vumbi tu, mizizi inabaki juujuu inaungua. Mwaga polepole shinani, mara mbili kwa wiki, kisha kesho yake chimba pembeni uone kama unyevu umefika futi moja chini. Funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa kiganja.

*Nichimbe mashimo ya samadi?*

Kwenye udongo mwekundu au wa kichanga, ndiyo. Kwenye udongo mweusi wa Kano, hapana: mvua ndefu zikija shimo linakuwa bwawa. Inua tuta.

*Batanati (butternut, malenge madogo yenye umbo la pea) ikikaribiana na malenge ya kienyeji, ladha ya tunda itaharibika?*

Hapana, na hili nimelijibu mara nyingi. Kinachoweza kuchanganyika ni mbegu. Ukizipanda ukapata tunda chungu kama shubiri, litupe. Sumu yake haitoki kwa kupikwa.

*Nyakach: nimepasua malenge machanga nikakuta funza. Dawa?*

Inzi wa matunda amedunga ganda na kutaga mayai ndani. Tazama, utaona kitone cha utomvu mahali alipodunga. Dawa haimfikii funza aliye ndani ya tunda. Okota kila tunda lililodungwa, hata lililooza, ulizike shimo la futi mbili. Ukiliacha juu ya ardhi, funza huingia udongoni na kutoka akiwa inzi mpya. Matunda yaliyoshika karibuni yavike karatasi ya gazeti.

*Mnunuzi anataka batanati leo, bado zina michirizi ya kijani.*

Mkatalie. Ikomae iwe rangi ya ngozi, na ukucha usipenye ganda. Kata kwa kisu ukiacha kikonyo cha inchi moja, wala usiibebe kwa kikonyo hicho. Zianike kivulini penye hewa siku 10 bila kugusana. Iliyong'oka kikonyo usiihifadhi, ipike wiki hiyohiyo.