Fomu wani na mnaorisiti: kwenye ufahamu wa Kiingereza mnaangushwa na vineno vidogo

Wadogo zangu mnaoingia fomu wani, na nyie mnaorisiti, nimefundisha tuisheni ya Kiingereza muda mrefu na kitu kimoja naona kinajirudia kila mwaka. Mtu akikosa maswali ya ufahamu anasema maneno yalikuwa magumu. Ukikaa naye mkapitia ile pepa unakuta maneno magumu yalikuwa mawili matatu na wala hayakuulizwa, kilichomkosesha ni his, they, not, unless, had, yaani vineno anavyovijua tangu msingi ila akivifikia anavipita mbio.

Na namuelewa. Shule nyingi za serikali msingi tunasoma kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu kama masomo mengine, halafu unafika sekondari ghafla mpaka jiografia na baolojia zinakuja kwa Kiingereza. Unaingia na woga, unanunua dikshonari, unakaa na habari ya mistari kumi unaandika maana kwa penseli juu ya kila neno. Ukimaliza una Kiswahili juu ya mistari yote ila ukiulizwa nani kamfanyia nani nini, kimya.

Tuchukue hiki kipande, nimekitunga makusudi kisiwe na neno la kukutisha:

"Mzee Kombo sold his boat last year, although his sons had begged him not to. They no longer go fishing unless their uncle lends them his."

Kisome chote kwanza bila kugusa dikshonari. Sasa maswali. Watoto walimuomba baba yao asifanye nini? Sentensi imeishia "not to" na haijamalizia, kwa hiyo wengi wanahangaika wanaandika "not to beg" au wanaruka swali. Kiingereza kinapenda kukata hivyo, kikishataja kitendo hakikirudii, kwa hiyo ukikuta "to" imening'inia rudi nyuma utafute kitenzi cha mwisho kinacholeta maana. Hapa ni sold. Walimuomba asiuze mashua.

Kipi kilianza, kuuza au kuomba? Hapo ndo "had" inafanya kazi, na sisi tuna bahati maana Kiswahili kina kitu hichohicho: had begged ni "walikuwa wamemuomba". Ukiona had na kitenzi kingine mbele yake, jua hicho kilitangulia. Kuomba kwanza, kuuza baadae, hata kama kwenye mstari kuuza kumeandikwa kwanza.

Sasa ile "his" ya mwisho. Ya nani? Wengi watakwambia ya Mzee Kombo, kwa sababu ndo jina pekee wanalolikumbuka. Lakini mzee ameshauza, hana mashua. Aliye karibu ni uncle, yeye ndo anaazima, kwa hiyo his ni mashua ya uncle. Kila ukikuta he, she, it, they, his, them, chora kamshale kwa penseli kutoka kwenye hako kaneno mpaka kwa mwenyewe. Inaonekana utoto lakini nimeona mtu anatoka kupata maswali mawili anafika saba kwa mishale tu. Na sisi inatuhusu zaidi kwa sababu Kiswahili "yeye" ni mmoja, mwanaume mwanamke sawa, kwa hiyo macho yetu hayajazoea kutofautisha he na she, wakati mara nyingi jibu limejificha hapohapo.

"No longer" haina uhusiano na urefu, maana yake ni walikuwa wanaenda zamani, sasa hivi hawaendi. Halafu unless, hii imewamaliza wengi. Isome kama "labda iwe" au "isipokuwa kama". Hawaendi kuvua, labda iwe uncle kawaazima. Mtu anayeruka unless anaandika kwamba hawaendi kabisa, anakosa maksi na haelewi kwa nini.

Tukija kwenye kuandika majibu, kuna mchezo wa kuangalia swali lina neno gani, tuseme fishing, unatafuta sentensi yenye fishing unainakili nzima nzima. Ukiulizwa "When do the sons go fishing?" halafu ukanakili ule mstari wa mwisho wote, hujaonyesha kwamba umeelewa. Andika "They go fishing only when their uncle lends them his boat." Ona nimeongeza boat, kwa sababu his peke yake kwenye jibu inaelea.

Grama unayohitaji kwa majibu haya siyo nyingi kihivyo. Swali likianza na did, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: did he sell, siyo did he sold, na kwenye jibu did ikiondoka ndo unarudisha sold, ila kwenye kukanusha did inabaki, he did not sell. Ile s: kwa vitu vya kawaida ikikaa kwenye nomino haikai kwenye kitenzi, the boy runs, the boys run. Halafu sisi tunasema "nimemuona jana" na ni Kiswahili safi kabisa, ila Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday", ukishataja jana au mwaka jana basi ni I saw him. Na usiandike "My brother he is sick". Hiyo he inatoka kwenye "a" ya "anaumwa", Kiingereza hakiihitaji, ukishamtaja brother inatosha.

Msidhani haya ni ya pepa ya Kiingereza tu. Hesabu ikisema "at least 5" ni tano au zaidi, kuna watu wanaandika tano tu wanaendelea. Swali la kuchagua la baolojia lenye "except" au "not" unakuta jibu A ni sahihi kabisa kisayansi, unalizungushia fasta, kumbe ulikuwa unatafuta lile lisilo sahihi. Zungushia except na not kwanza kabla hujaangalia A.

Kwa mazoezi usisubiri kitabu cha hadithi. Chukua aya moja ya kitabu cha baolojia au sivikisi ulichonacho, chora mishale, zungushia but, although, unless, because, until, halafu funga kitabu umsimulie mtu kwa Kiswahili kilichosemwa. Ukikwama katikati, fungua palepale ulipokwamia, mara nyingi utakuta kuna kamoja ulikaruka. Dikshonari ichukue baada ya hapo.