Swali la lugha: Elektroni ipo, iko au imo?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika, "Elektroni inazunguka katika obiti ya s yenye umbo la duara." Mwenzangu angempa alama zote, mimi nikasita. Kosa ni la Kiswahili au la kemia?

JIBU: Mwalimu, ni la vyote viwili.

Duara halina unene. Huchorwa karatasini likaisha. Kitu cha mviringo pande zote, kama mpira, ni tufe, na obitali ya s ni tufe. Vitabu vyenyewe huteleza hapa, kwa hiyo usimkaripie sana.

Obiti nayo ni njia. Sayari inayo, na elektroni katika modeli ya atomu ya mwanafizikia Niels Bohr, ya mwaka 1913, zilikuwa nazo. Obitali ni neno la mwanakemia Robert Mulliken, la mwaka 1932, na kwa lugha ya darasani ni eneo ambamo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kupatikana. Hiyo "-ali" ya mwisho si pambo. Ukiikata umerudi kwa Bohr.

Kilichonivutia zaidi ni kitenzi. "Inazunguka" hudai njia. Kiswahili kina kitu kizuri zaidi: -po, -ko na -mo. "Ipo" huonyesha mahali mahususi, kana kwamba unapanyooshea kidole, na elektroni hainyooshewi kidole. "Iko" huacha mahali bila kubainishwa. "Imo" husema i ndani ya eneo fulani, basi, bila kudai ni pembe ipi. Sijui lugha nyingi zinazompa mwalimu wa kemia zawadi hiyo bure.

Kuhusu umbo, inayoamua ni ya pili kati ya namba za kwanta, yaani namba nne zinazoeleza hali ya elektroni ndani ya atomu; huandikwa l. Ikiwa 0, ni tufe. Ikiwa 1, ni obitali ya p: waambie wafikirie maputo mawili yaliyofungwa midomo pamoja, kiini kikiwa kwenye fundo. Namba ya tatu, m, hueleza mwelekeo, ndiyo maana obitali za p ni tatu. Za d ni tano. Nne zina vibonge vinnevinne, ya tano ina viwili tu na pete kiunoni. Hiyo usijaribu kuitafutia neno moja, ichore.

Namba ya nne iite spini. Ukiiita "mzunguko" utamrudisha mwanafunzi kulekule kwenye sayari.

Sentensi yake basi iwe: "Elektroni imo katika obitali ya s yenye umbo la tufe."