Kabla ya bei, ulizeni nani atakuwepo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mbwa akipata ugonjwa usiopona, ni sahihi kuendelea kumgharimia?" Swali limeniuma. Mbwa wangu, Chui, ana kifafa, tunaishi nacho hapa Isevya, Tabora, mwaka wa nne sasa. Vidonge vyake vya fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, havijanifilisi. Kazi ni kushika saa: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, Idi na Krismasi, masika na kiangazi.

Mwanzoni tulishuku ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, maana alizoea kufuatana na shemeji yangu porini kwenye mizinga ya nyuki. Daktari wa mifugo alimpima damu, hakuona vimelea. Akaniambia nifungue daftari: kila akianguka, niandike saa na dakika alizochukua. Dawa ilipoanza, Chui alikunywa maji kupita kiasi na miguu ya nyuma ikalegea wiki kadhaa. Tukazoea.

Sasa usiku ule. Nilikuwa nimekwenda msibani Nzega siku mbili, vidonge nikamwachia mwanangu. Akasahau dozi tatu. Dawa hii haikatishwi ghafla, nami nilijua, ila nilimwagiza juu juu kwa haraka ya safari. Narudi, hata kanga ya msiba sijavua, Chui akaanguka nje ya geti, chini ya mwembe. Akakakamaa, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka, akajikojolea.

Vijana waliokuwa wakitoka mpirani wakaliona povu. "Kichaa! Mama, toka hapo!" Mawe yakaokotwa, mmoja akaja na mpini wa jembe. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakina dawa, na kila mtu hapa anakiogopa. Nikasimama kati yao na Chui, simu mkononi, nahesabu dakika, maana zikizidi 5 ni hatari. Mdomo wake sikuugusa.

Jirani yetu, mzee ambaye kwa dini yake hagusi mbwa, akatoka na tochi. "Wanangu, rudini nyuma kidogo. Mama Neema, cheti cha chanjo kiko wapi?" Mwanangu akakileta huku analia. Mzee akakisoma kwa sauti, tarehe, muhuri, jina la mbwa, mstari kwa mstari, kama anayesoma hati ya kiwanja mbele ya baraza. Alipofika mwisho, Chui alikuwa ametulia, na mpini wa jembe ulikuwa umeshushwa.

Kisha Chui akainuka, akajigonga ukutani, akanigeukia na kunikoromea. Robo saa nzima hakunijua, mimi niliyemlea tangu hajafumbua macho.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema anayekatisha uhai wa mbwa mgonjwa hana utu. Nikiikumbuka robo saa ile, siwezi tena. Mtu anayesafiri wiki nzima, na nyumbani hakuna wa kushika saa, akimwita daktari amchome mbwa wake sindano ya kumpumzisha, sitamhukumu. Hata mimi nimeshakubaliana na daktari: siku Chui atakapoanguka mfululizo bila fahamu kumrudia katikati, na dawa ikashindwa kumtuliza, basi. Ila isiwe kwa sababu jirani kaona povu, wala kwa sababu nimechoka mwezi mmoja. Na sindano hiyo achomwe kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.