Jicho Lisiloona Hutangatanga

Nilikuwa na miaka 9 kipande cha kuni kiliporuka kikanipiga jicho la kushoto. Mama alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba, mimi nimechuchumaa pembeni yake. Jicho likavimba, likawekwa dawa ya dukani, baada ya wiki mbili maumivu yakaisha. Kilichobaki ni ukungu. Nikifumba jicho la kulia, mama akisimama mlangoni alikuwa kivuli tu. Sikumwambia mtu, kwa sababu nikiyafumbua yote mawili niliona vizuri.

Makengeza yalikuja polepole. Nilipofika kidato cha tatu, jicho lile lilikuwa limeshaelekea upande wa sikio. Shangazi akasema ni ya kurithi. Jirani akataja mkono wa mtu. Hakuna aliyeuliza kama jicho lenyewe linaona.

Swali hilo niliulizwa na daktari wa macho nikiwa na miaka 24, na maelezo yake ndiyo ninayotaka kuwapa. Kila jicho huendeshwa na misuli 6. Ubongo hupokea picha mbili na kuziunganisha ziwe moja, na kazi hiyo ndiyo inayoyafanya macho yaelekee mahali pamoja. Picha ya upande mmoja ikiwa ukungu mtupu, hakuna cha kuunganisha, na jicho lile huachwa lijiendee. Kwa mtu mzima mara nyingi huenda nje. Kwa mtoto mdogo linaweza pia kuingia upande wa pua. Kwangu chanzo kilikuwa mtoto wa jicho aliyetokana na ile kuni. Kwa mwingine ni kovu kwenye konea, kile kioo cha mbele, au retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, iliyobanduka, au mshipa wa fahamu wa jicho ulioharibika.

Nilikuwa nimekwenda kuomba ninyooshwe tu. Daktari akasema tuanze na kuona. Pia akanionya kwamba jicho lililokaa gizani miaka mingi likirudishiwa mwanga, ubongo unaweza kushindwa kuunganisha picha, mtu akaona vitu viwili viwili. Kwa hiyo alinipima kwanza kwa vioo vya prizma, vile vinavyopinda mwanga. Nikatolewa mtoto wa jicho, na miezi kadhaa baadaye misuli ikarekebishwa. Naona nusunusu kwa jicho lile, kwa sababu operesheni ya misuli hunyoosha jicho, hairudishi kuona. Sasa imepita miaka 11 na limeanza kuelekea nje tena kidogo. Hilo nalo nilikuwa nimeambiwa, na sijutii.

Ukiwa na mtoto, tazama picha zake zilizopigwa kwa flashi akiangalia kamera. Kila jicho litakuwa na nukta ndogo ya mwanga. Nukta moja ikiwa katikati ya mboni na ya pili imekaa pembeni mwa jicho la pili, mpeleke akapimwe. Halafu mzibe jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Mtoto anayetulia ukiziba la kushoto lakini analia na kusukuma mkono ukiziba la kulia, anakuambia ni lipi linaloona. Na ukiona mboni inang'aa nyeupe, usingoje hata wiki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huua watoto wanaocheleweshwa.

Mtu mzima ambaye jicho limepinda ghafla, anaona vitu viwili, kope imeshuka au kichwa kinamuuma vibaya, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hayo si makengeza ninayoyazungumzia hapa.

Nasi tuliobakiwa na jicho moja zima, tuvae miwani ya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, tunapopasua kuni au kufyeka. Mimi navaa hata nikikaanga samaki.

Mwaka jana dada yangu alinitumia picha ya mwanawe wa miaka 4. Nikaikuza kwenye simu nikaitafuta ile nukta. Ilikuwa imekaa pembeni. Alipopimwa, jicho moja lilihitaji miwani yenye nguvu kuliko lingine kwa mbali sana, na ubongo ulikuwa umeanza kulipuuza. Sasa anavaa miwani, na jicho zima linazibwa kwa muda wa saa 2 kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Siku za kwanza alilia sana. Dada akagundua kwamba akimpa mchele auchambue sinia zima, anasahau kulia.