Daktari anataka kufunga tumbo na hesabu haijatimia: nesi wa thieta afanye nini?

Mdogo wangu, hongera kwa kupangiwa thieta (chumba cha upasuaji), na umefanya vizuri kuuliza mapema. Umesema uko kituo cha afya kilichoongezewa thieta juzi juzi, mnafanya zaidi oparesheni za uzazi, daktari ni mmoja, na zaidi ya mara moja amekuhimiza umpe uzi afunge wakati bado hujamaliza kuhesabu gozi (vitambaa vidogo vya kufyonzea damu) na paki (vile vikubwa vya tumboni). Unauliza kama una haki ya kumkatalia, na likitokea la kutokea ataulizwa nani.

Haki unayo. Leseni uliyonayo ulipewa wewe, kwa jina lako, na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010, Baraza hilo hilo ndilo litakalokuita ukilalamikiwa. Ukifika pale na kusema "daktari aliniambia", hujajibu kitu. Daktari ana baraza lake na atajibu ya kwake. Mtaulizwa wote wawili, kila mtu sehemu yake, na sehemu yako ni hesabu.

Ila haki peke yake haikusaidii saa nane za usiku. Nimekaa thieta miaka mingi, hospitali ya wilaya na baadaye ya mkoa, na nilichokiona ni kwamba nesi anayesubiri mpaka daktari ameshika sindano ndipo afungue mdomo, mara nyingi anashindwa. Muda huo watu wamechoka, mtu wa usingizi anasema ganzi ya mgongoni inaisha, ndugu wamejaa mlangoni. Uwezo wa kusema "usifunge" unautengeneza kabla kisu hakijagusa ngozi.

Unautengeneza hivi. Kabla ya kuanza, wewe uliyenawa kusimama mezani na daktari, na rana (mwenzako asiyenawa, anayezunguka kuleta vifaa), mnahesabu pamoja, kwa sauti, kila gozi na kila paki ikitenganishwa na mwenzake, wote wawili mkiiangalia. Usikubali rana akuitikie huku anafungua dramu ya vifaa vilivyochemshwa au anatafuta glavu. Bunda linalotakiwa kuwa na paki tano ukilikuta na nne au sita, usilirekebishe, litoe lote nje ya chumba kabla mgonjwa hajaanza kupasuliwa. Idadi iandikwe ubaoni, kwa herufi kubwa, mahali ambapo daktari akiinua macho anaiona. Kinachoongezwa katikati kinaandikwa hapo hapo. Ubao ukiwepo, baadaye hubishani na mtu. Unasoma tu kilichoandikwa.

Hapa nikae kidogo kwenye gozi zetu. Sehemu nyingi bado tunakata wenyewe kutoka kwenye robota la kitambaa, tunakunja, tunapeleka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu. Gozi hiyo haina ule uzi wa bluu unaoonekana kwenye eksirei. Maana yake ikibaki tumboni, picha haitakuonyesha kitu, hata kama kituo chako kina mashine. Mgonjwa atarudi baada ya wiki au miezi, tumbo linauma, ana homa, pengine kidonda kinatoa usaha usioisha, na atazungushwa sana kabla mtu hajafikiria gozi. Kwa hiyo usimruhusu mtu aseme "tutapiga picha" kama gozi zenu ni za kukata. Kwenu hesabu ndiyo kinga pekee. Na kwa sababu hiyo hiyo, gozi haikatwi vipande viwili mezani hata siku ambayo zimepungua. Paki za tumbo ziwe na mkia, na mkia ubanwe kwa foseps (koleo la kubania) inayoning'inia nje ya kidonda. Ndani ya tumbo zinaingia paki tu. Gozi ndogo ikihitajika ndani, ishikwe kwenye foseps, isiachwe peke yake.

Kwa oparesheni ya uzazi mnahesabu tena kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, tena kabla ya kufunga tumbo, tena kwenye ngozi. Na kila mtu wa hesabu anapobadilishana na mwenzake. Hapo ndipo penye tatizo la vituo vidogo: rana ndiye huyo huyo anayepokea mtoto. Mtoto akichelewa kulia, rana anaondoka na hesabu inabaki yatima. Omba mkunga wa wodini apande na mama yake mpaka thieta, kazi yake iwe mtoto tu. Mimi hili nililidai, na pale ambapo mfawidhi alilikubali kazi ilibadilika kabisa.

Nikupe tukio moja uone linavyokwenda. Hospitali ya wilaya, usiku, uzazi pingamizi, mama amechoka na damu imetoka nyingi. Mfuko wa uzazi ulifungwa, hesabu ya paki ikawa nne, ubaoni tano. Nikasema, "Daktari, paki moja haipo, naomba usifunge." Akajibu itakuwa imeanguka. Rana akatazama chini, akamwaga ndoo kwenye plastiki na kuzitenganisha moja moja, akaenda kwenye meza ya mtoto akafunua vitambaa, akaangalia bakuli la kondo la nyuma. Huko ndiko zinakojificha mara nyingi, uanze huko na wewe. Haikuwepo. Nikarudia: "Nje tumemaliza, haipo. Naomba uangalie ndani." Akapitisha mkono nyuma ya mfuko wa uzazi, kushoto, akaitoa. Ilikuwa imelowa damu yote, imejikunja ikawa ndogo kuliko ngumi, na ilikaa katikati ya utumbo na mabonge ya damu huwezi kuitofautisha kwa macho. Akaiweka kwenye bakuli. Nikasema tano, rana akasema tano, nikampa uzi.

Angalia maneno niliyotumia. Sikusema "daktari umesahau", wala sikusema "mimi simo". Nilitaja kinachokosekana, nikaomba kitu kimoja, na niliporudia nikaongeza tulichokwisha kufanya. Akikataa mara ya pili, mwambie rana ampigie muuguzi mfawidhi au msimamizi wa zamu, kwa sauti ya kawaida, daktari akisikia. Akifunga hata hivyo, usisaini kwamba hesabu imetimia. Andika kwenye jalada saa, idadi iliyokosekana, ulichosema, alichojibu, na nani aliitwa. Andika usiku ule ule. Ukikosea neno piga mstari mmoja na uweke saini, usifute kwa wino mweupe wala usichane karatasi.

Kuna wakati kuhesabu kweli haiwezekani, mama anamwaga damu na kila sekunde ni ya kwake. Hapo uhai kwanza, nakubaliana na daktari yeyote. Lakini liandikwe kwamba hesabu haikufanyika na kwa nini, na paki zenu zikiwa na uzi wa eksirei basi picha ipigwe mara hali ikitulia. Na daktari akiacha paki tumboni kwa makusudi kuzuia damu, idadi iandikwe mbele ya jalada na itajwe kwa mdomo kwa wanaompokea, hasa mgonjwa akipewa rufaa.

Sasa ile karatasi ya usalama wa upasuaji ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Naona kwenye maelezo yako umeitaja kama kitu cha kujaza baada ya mgonjwa kutoka. Hiyo inaniuma, kwa sababu karatasi hiyo ilijaribiwa hapa kwetu. Miji ilikuwa minane, London na Toronto zikiwemo, na mmojawapo ulikuwa Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Haikuhitaji mashine mpya. Ilihitaji watu wasimame na kusemezana mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka. Sehemu ya tatu inasema wazi kwamba nesi ndiye anayethibitisha kwa mdomo hesabu ya vifaa, gozi na sindano. Kwa hiyo ukisema "bado", unatimiza mstari ulioandikwa kwa ajili yako. Ibandike ukutani daktari aisome.

Jingine kwa haraka, maana linaanzia mikononi mwako: mlangoni. Mwulize mgonjwa jina lake kamili yeye mwenyewe na anakuja kufanyiwa nini, usimtajie wewe akaitikia. Mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana oparesheni, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Fomu ya ridhaa isiyo na saini irudi wodini na mgonjwa wake, isipokuwa dharura.

Kuhusu daktari wako, mimi ningemfuata mchana, siku isiyo na kesi, mkiwa wawili tu. Mwambie unataka mkubaliane utaratibu: hutampa uzi wa kufunga tumbo mpaka wewe na rana mmetaja namba mkiangalia ubao, na dakika hizo mbili ni zake kukagua kama damu imekata. Madaktari wengi wakielezwa nje ya kesi wanaelewa, maana gozi ikibaki jina lake nalo linaharibika. Asipoelewa, mpelekee muuguzi mfawidhi kwa maandishi na ubaki na nakala. Halafu omba ubao na kalamu yake wiki hii hii. Wakisema hakuna fungu, hata karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani inatosha kuanzia.