Maswali na Majibu: Je, nimwage mahindi ili kumpata kipunji kwenye kamera?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Tukuyu, nina stashahada ya uandishi wa habari, na nimeweka akiba ya kununua kamera. Nataka kutengeneza filamu za wanyamapori na mazingira, nikianza na kipunji, yule tumbili wa Mlima Rungwe. Ninunue lenzi gani kwa msitu wenye giza? Na je, ni kweli kwamba wataalamu humwaga mahindi au ndizi, au hucheza milio iliyorekodiwa, ili mnyama asogee? Ndivyo tulivyofundishwa katika mafunzo ya siku tatu niliyoyalipia.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. La lenzi nitalimaliza upesi. Katika msitu ule, chini ya miti mirefu na ukungu, kinachokosekana kuliko vyote ni nuru. Lenzi yenye tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi) huingiza nuru takriban mara tano ya ile inayoishia f/6.3, kwa hiyo afadhali milimita 300 zenye tundu pana kuliko milimita 600 za bei nafuu ambazo zitakupa picha iliyojaa chengachenga. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka shata kwenye 1/50 ya sekunde na usiihangaishe. Nunua stendi imara, kinasa sauti cha pembeni, na sanduku lisilopitisha hewa lenye vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu kuvu huota ndani ya lenzi kabla hujaitambua. Ubora wa 4K unatosha. Droni iache kwanza. Chini ya miti haitakusaidia, na kuirusha kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ya wenye hifadhi.

Sasa nije kwenye mahindi, jambo ambalo naulizwa karibu kila wiki, na kila mara muulizaji huwa amelitoa kwa mtu anayejiita mwalimu.

Hapana, si kweli. Anayekufundisha hivyo anakuuzia njia ya kupata picha moja na kupoteza kazi yote. Kipunji huishi juu ya miti na hushuka chini mara chache. Ukimwaga mahindi, unamfundisha kushuka ardhini, mahali penye mbwa na mitego ya waya, na unamfundisha pia kwamba binadamu na mahindi ni kitu kimoja. Wewe utaondoka na picha zako, naye atalifuata somo hilo hadi kwenye shamba la mtu pembezoni mwa msitu, ambako mwenye shamba, aliyelima kwa jasho lake, hatamwuliza nani alimzoesha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliwaweka kipunji wote duniani kuwa takriban 1,100, wakiwa Rungwe, katika misitu ya Livingstone ndani ya Hifadhi ya Kitulo, na kundi dogo huko Ndundulu, Udzungwa. Kwa idadi kama hiyo, kundi moja likiuawa mashambani ni hasara isiyofidika.

Kuna pia suala la maradhi. Katika Hifadhi ya Mahale wageni huvaa barakoa mbele ya sokwe, kwa sababu mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kuwaua. Anayemshawishi tumbili yeyote kula chakula alichokishika kwa mkono wake analichezea jambo hilohilo. Milio iliyorekodiwa nayo si mchezo: kundi huacha kula na kuanza kumtafuta mgeni ambaye hayupo, na ukirudia mara kwa mara unawanyang'anya muda wa kujilisha.

Hata kama hayo hayakugusi, itazame picha yenyewe. Mnyama aliyepewa chambo hujulikana: shavu limevimba, macho hayaangalii matawi bali yanarudi kwenye sehemu ileile karibu na mguu wa stendi, na ule ushungi wake mrefu wa kichwani, pamoja na mkia wenye ncha nyeupe, havikuonyeshi chochote kuhusu anavyoishi. Mhariri mzoefu huona hayo kwa kutazama mara moja, na watangazaji wakubwa siku hizi huuliza kila tukio lilipatikanaje.

Wanasayansi waligundua uwepo wa kipunji kwa sababu walikaa na wawindaji wa Rungwe na kuwasikiliza wakimtaja mnyama ambaye vitabu havikuwa naye. Alionekana nao mwaka 2003, akatangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la spishi za karibu, ya kwanza mpya ya tumbili wa Afrika tangu 1923. Nawe anzia huko: kwa wazee, kwa askari wa misitu, kwa mti unaozaa matunda mwezi huu. Ukiujua mti, hutahitaji kumwita mnyama. Vibali navyo ni lazima: Bodi ya Filamu, kisha Wakala wa Huduma za Misitu kwa Rungwe, au Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kwa upande wa Kitulo.

Ulaghai huu hauishii kwa kipunji. Mwaka 1958 filamu ya Marekani iliyopata tuzo ya Oscar iliwaonyesha panya wa nchi za baridi wakijirusha majini kwa wingi, kumbe watengenezaji waliwanunua na kuwasukuma wenyewe, na hadi leo kuna watu wazima wanaoamini kwamba panya hao hujiua. Kwetu wapo wanaowaweka vyura na vinyonga kwenye barafu ili watulie mbele ya lenzi, na wapo wanaokwenda Kitulo wakati wa mvua, wakang'oa majani na kukanyaga maua kumi ili wapate picha safi ya okidi moja, kisha wakatangaza mtandaoni mahali halisi ilipo, ilhali wanajua kwamba viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Mteja akikuagiza lolote kati ya hayo, mkatalie kwa maandishi kabla hujapokea malipo ya awali. Na yule mwalimu wako wa siku tatu, mwombe akuonyeshe kibali alichopigia zile picha za mafunzo.